Wingu Dogo la Magellan ni nini?

Ni galaksi ndogo, jirani ya Njia Nyeupe (galaksi yetu), iliyo umbali wa miaka ya nuru kama 200,000 kutoka kwetu. Haina mikono iliyojizungusha wala umbo la yai, ndiyo maana huwekwa katika galaksi zisizo na umbo maalumu. Mvutano wa Wingu Kubwa la Magellan, galaksi nyingine jirani, umeivuruga, na kati ya hayo mawili umebaki mkanda wa gesi ya hidrojeni uitwao Daraja la Magellan.

Umuhimu wake mkubwa ni katika kupima umbali. Nyota ikionekana hafifu, huwezi kujua kwa macho kama ni hafifu kweli au iko mbali tu. Lakini nyota zote za galaksi moja ya mbali ziko karibu umbali uleule, kwa hiyo inayoonekana angavu zaidi ndiyo angavu zaidi kweli. Henrietta Leavitt, mwanaastronomia wa Harvard, Marekani, alilitumia hilo. Katika picha zilizopigwa Arequipa, Peru, alichunguza nyota 25 za Wingu Dogo ambazo mwanga wake hupanda na kushuka, zile ziitwazo Sefeidi. Mwaka 1912 alionyesha kwamba kadiri mzunguko wa mwanga unavyochukua siku nyingi, ndivyo nyota inavyokuwa angavu zaidi. Tangu hapo, ukihesabu siku za mzunguko unapata mwangaza halisi. Ukiulinganisha na ule unaouona, unapata umbali.

Kuna kasoro. Galaksi hii imerefuka kuelekea upande wetu, hivyo Sefeidi zake zimeachana kwa makumi ya maelfu ya miaka ya nuru. Mbili zenye mzunguko sawa zinaweza kutofautiana mwangaza kwa sababu moja iko mbele. Dawa yake ni kupima nyota nyingi.

Ukiwa Dar es Salaam, itafute kusini katikati ya Novemba, kama saa tatu usiku. Haipandi zaidi ya nyuzi 24 hivi juu ya upeo wa macho. Anza na nyota angavu Achernar, kisha shuka upana wa ngumi moja na nusu ukiwa umenyoosha mkono. Mwanga wake umetandaa, kwa hiyo mbalamwezi au taa za mji huufuta kabisa. Kitone chenye ukungu kilicho ubavuni mwake, 47 Tucanae, si sehemu yake: ni fungu la nyota la Njia Nyeupe, lililo karibu nasi zaidi ya mara kumi.