Mlango Unaodai Jasho, Si Jina

Tovuti ya kawaida ikivamiwa na maombi bandia, jambo la kwanza inalofanya ni kumchunguza mgeni. Inaangalia anwani yake ya mtandao, inamtaka namba ya simu, au inampa picha za mabasi na taa za barabarani azichague. Njia zote hizo zinafaa kwa sababu mgeni anaonekana. Lakini mlinzi afanye nini pale ambapo mgeni haonekani kabisa, na kutoonekana huko ndiko kunakomlinda?

Hilo ndilo lililowakuta wanaoendesha huduma ndani ya Tor, mtandao unaoficha mtumiaji ni nani na yuko wapi. Tor ilianzia katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990, ikatolewa kwa umma mwaka 2002, na tangu 2006 inatunzwa na shirika lisilo la faida, Tor Project. Inategemea maelfu ya seva zinazoendeshwa na watu wa kujitolea katika nchi nyingi. Ukifungua ukurasa kupitia Tor, ombi lako linapita seva tatu. Ya kwanza inajua ulikotoka lakini haijui uendako. Ya tatu inajua uendako lakini haijui ulikotoka. Ya kati haijui hili wala lile. Hakuna ofisi inayoweza kuamriwa itoe orodha ya nani kasoma nini, kwa sababu orodha hiyo haiandikwi popote.

Zipo pia huduma ambazo zenyewe zimejificha. Anwani zao ni mfuatano wa herufi na tarakimu 56 unaoishia na .onion, msomaji hajui seva ilipo, na seva haijui msomaji yuko wapi. BBC ilifungua mlango wa namna hii Oktoba 2019, Deutsche Welle nayo inao, na vyombo vya habari kadhaa hupokea nyaraka za watoa taarifa kupitia SecureDrop, mfumo uliojengwa juu ya huduma hizi. Kwa mtu mwenye ushahidi wa ufisadi mkononi, huu si mchezo wa mafundi. Ni tofauti kati ya kulala nyumbani na kulala rumande.

Adui aligundua udhaifu wa huduma hizi. Kutuma ombi moja la kuanzisha mawasiliano ni kazi nyepesi mno, lakini kila ombi linailazimisha seva kufanya hesabu za kriptografia, yaani za kuficha ujumbe, na kujenga njia mpya kupitia vituo kadhaa. Tuma maombi hayo kwa maelfu, na seva inalemewa huku wewe hujatoa hata tone la jasho. Kuanzia katikati ya 2022 mtandao wa Tor ulisumbuliwa kwa miezi mingi na mashambulizi ya aina hii. Hapakuwa na anwani ya kuzuia, kwa kuwa Tor imejengwa ili anwani isionekane.

Agosti 2023 likatoka toleo la Tor 0.4.8 likiwa na jibu: uthibitisho wa kazi. Seva ikizidiwa, inamwambia kila anayebisha hodi, lete fumbo hili ukiwa umelitegua. Haiulizi jina, namba ya simu wala nchi. Inadai muda mfupi wa prosesa, basi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1992 Cynthia Dwork na Moni Naor walipendekeza kwamba mtuma barua pepe afanyishwe hesabu kidogo kabla barua haijapokelewa. Mwenye barua moja hasikii uzito wowote; mwenye barua taka milioni moja anaumia. Adam Back alitengeneza Hashcash kwa mantiki hiyo hiyo mwaka 1997. Kisha mwaka 1999 Markus Jakobsson na Ari Juels wakaupa utaratibu huu jina lake la kitaalamu, na katika andiko hilo hilo walishauliza kama hesabu hizo zinaweza kutumika tena, kama mkate uliokauka unavyogeuzwa kuwa pudini. Kwa hiyo hofu ya kupoteza nguvu bure haikuletwa na sarafu ya kidijitali ya Bitcoin. Ilikuwapo tangu jina lilipotolewa.

Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, iliikuza hofu hiyo. Mashine zake hujaribu namba moja baada ya nyingine hadi mojawapo itoe jibu lililo chini ya kikomo kilichowekwa, na kikomo hurekebishwa kila baada ya vitalu 2016 (kitalu ni fungu la miamala) ili kitalu kipya kipatikane takribani kila dakika 10. Majaribio yaliyokosa hutupwa yote. Hayakuponya mgonjwa wala kutabiri mvua. Watu wenye nia njema wakaanza kuuliza: je, umeme wote huu hauwezi kufanya hesabu yenye faida?

Jaribio ninalolipenda ni sarafu ya Primecoin ya mwaka 2013. Badala ya hesabu tupu, mashine zake zilitafuta minyororo ya namba tasa. Chukua 2, izidishe mara mbili, ongeza 1, unapata 5. Rudia: 11. Rudia: 23. Rudia tena: 47. Zote ni namba tasa. Rudia mara nyingine unapata 95, inayogawanyika kwa 5, na mnyororo umekatika hapo. Kupata mnyororo mrefu wa namba kubwa ni kazi ngumu. Kuukagua ukishaletwa ni rahisi. Sifa hizo mbili ndizo fumbo linazotaka. Wanahisabati walipata minyororo yao, ingawa ni wachache duniani wanaoihitaji.

Hesabu za tiba ndizo zinazovutia wengi zaidi. Machi 2020, mwanzoni mwa janga la korona, watu wa kujitolea waliunganisha kompyuta zao kwenye Folding@home kuchunguza protini za kirusi, wakajenga nguvu ya kukokotoa iliyozishinda kompyuta kubwa kuliko zote za wakati ule. Hata hivyo, kazi ya namna hiyo haifai kuwa fumbo la mlangoni. Anayekagua atajuaje kwamba protini imekokotolewa sawasawa bila kuikokotoa upya? Gridcoin, sarafu inayowatuza wanaochangia miradi ya sayansi kupitia BOINC, programu ya kuazimisha nguvu ya kompyuta, hulazimika kuamini seva za miradi hiyo kuhesabu nani kafanya kiasi gani. Hapo ugatuzi umepungua: yupo karani katikati, na karani anaweza kukosea, kuhongwa au kufungiwa.

Tena kuna kikwazo kizito zaidi, ambacho mijadala mingi hukiruka. Fumbo linamzuia mshambuliaji kwa sababu jasho lake linapotea. Kama kila jawabu lingekuwa na soko mahali pengine, angeshambulia huku akilipwa, na gharama iliyokusudiwa kumrudisha nyuma ingefidiwa. Kadiri kazi inavyokuwa na faida kwa mfanyaji nje ya mlango ule, ndivyo inavyopoteza uwezo wa kuulinda. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Tor imepata njia sahihi: faida haitafutwi ndani ya jawabu la hesabu. Faida ni kwamba mwandishi wa habari amefika kwenye huduma aliyoihitaji na hakuna aliyemjua.

Tazama jinsi mlango huo unavyofanya kazi. Fumbo linaitwa EquiX, na lilitungwa na msanifu anayetumia jina tevador, aliyeshiriki pia kutengeneza RandomX, fumbo la sarafu ya Monero. Linahitaji kumbukumbu isiyofika megabaiti 2, na jawabu lake ni baiti 16 tu. Limeundwa ili prosesa ya kawaida ilifanye vizuri, na mwenye mtambo wa kadi za michoro asipate upendeleo mkubwa. Mbegu ya fumbo, yaani namba ya kuanzia, hubadilishwa kila baada ya takribani saa 2, hivyo huwezi kuweka akiba ya majawabu nyumbani ukayamwaga siku ya shambulio. Pakiwa shwari, mgeni haombwi chochote. Fujo ikianza, ugumu unapanda wenyewe: mwanzoni ni milisekunde 5 kwa kompyuta yenye kasi na hadi 30 kwa iliyo dhaifu, na shambulio likichacha inaweza kufika kama dakika nzima. Aliyeleta kazi ndogo hafukuzwi. Anapangwa nyuma ya foleni.

Foleni hiyo ina upande wake wa maumivu, na sipendi ufichwe. Msomaji wa Kigoma au Bukavu mwenye simu ya bei nafuu hutegua fumbo polepole kuliko mwenye kompyuta mpya ya Berlin, na betri yake ndiyo inayolipa. Usawa kamili haupo. Lakini linganisha na njia nyingine. Namba ya simu katika nchi zetu imesajiliwa kwa kitambulisho, na kwingine hata kwa alama za vidole. Ukiitoa mlangoni umeshajitambulisha kikamilifu. Kusubiri sekunde kadhaa kunauma, ila kuna mwisho. Jina likishaandikwa halifutiki kirahisi.

Wengine wametafuta faida upande wa umeme badala ya hesabu. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, mashine za Bitcoin ziliwekwa mwaka 2020 karibu na kituo cha umeme wa maji cha Luviro, zikatumia umeme uliokuwa haujapata wateja na kuiingizia hifadhi fedha. Ni ubunifu wa kweli, ila hesabu zenyewe ni zilezile za Bitcoin.

Tahadhari mbili kwa msomaji wa kawaida. Kwanza, kazi halali inafanyika kwa ridhaa yako na inaisha upesi. Kati ya 2017 na 2019 msimbo wa Coinhive uliwekwa kwenye tovuti nyingi, mara nyingi bila wageni kujua, ukachimba Monero kwa prosesa zao. Simu ikichemka kila ukifungua ukurasa fulani, ufunge. Pili, Tor haina msaada pale intaneti yote inapozimwa, kama ilivyotokea Uganda Januari 2021. Inasaidia pale tovuti zinapozibwa moja moja, au pale Tor yenyewe inapozibwa na wewe ukaingia kwa madaraja, yaani milango ya siri ya Tor, kama Snowflake. Jua pia sheria ya mahali ulipo: Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN, programu za kuficha anwani ya mtandao, watoe taarifa zao. Pakua Tor Browser kutoka torproject.org au Google Play kwa simu ya Android, si kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu WhatsApp.

Na kwa mafundi wa vyombo vya habari na asasi zinazoendesha huduma za .onion: ulinzi huu haujiwashi wenyewe. Andika amri tor --list-modules uone kama sehemu ya pow ipo. Isipokuwepo, programu yako ilijengwa bila chaguo la --enable-gpl na itabidi ijengwe upya. Ikiwepo, fungua faili la torrc, na chini ya mstari wa HiddenServiceDir ongeza HiddenServicePoWDefensesEnabled 1, kisha uiwashe Tor upya.