Tangi lisilopumua: kwa nini choo cha boti hunuka

Nahodha mmoja anayewapeleka wageni kutazama viboko upande wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria huko Kisumu, aliniita akiwa amechoka. "Fundi, hiki choo nimekisugua hadi mikono ikachubuka. Bado mgeni akifungua mlango anageuza uso." Niliingia nikakuta bakuli linang'aa kama sahani ya harusi, dawa ya bluu imening'inizwa, na makopo mawili ya marashi ya kupuliza yako juu ya rafu. Harufu ya yai viza ilikuwapo vilevile, ila haikuwa ikitoka kwenye bakuli.

Mitumbwi mingi ya ziwani haina choo kabisa, kwa hivyo jambo hili linawahusu zaidi wenye boti za matembezi na vyombo vya kulala. Dhana inayowaponyoka wengi wao ni kuoza bila hewa.

Kinyesi huozeshwa na bakteria, na bakteria hao wako wa namna mbili. Kuna wanaotumia oksijeni. Hao hula taka na kuacha hasa maji na kaboni dayoksaidi, vitu ambavyo pua haivisikii. Oksijeni ikiisha, kazi inashikwa na wale wasioihitaji, nao hutoa haidrojeni salfaidi, yaani gesi yenye harufu ya yai bovu, pamoja na amonia na metheni. Aliyewahi kukanyaga tope kwenye mafunjo ya Dunga anaijua: mguu ukizama, mapovu yanapanda, na uvundo unapanda nayo. Gugumaji lililosukumwa na upepo likarundikana ufuoni hufanya vivyo hivyo. Lundo la samadi linalogeuzwageuzwa kwa jembe, kwa upande mwingine, huishia kunukia udongo tu. Samadi nayo ni kinyesi. Tofauti ni kwamba yenyewe inapata hewa.

Sasa tazama tangi la choo cha boti. Ni sanduku lililofungwa, limefichwa chini ya kiti au kitanda, na pua yake ni moja tu: kipaipu kinachotokea ubavuni mwa boti. Mara nyingi hicho kipaipu ni cha nusu inchi, kimepindapinda kama mtambaa wa viazi vitamu, na mdomoni kimewekewa wavu. Nyigu wakijenga humo, au wale wadudu wadogo wa ziwa wanaopaa kama moshi wakijazana kwenye wavu, tangi linakabwa koo. Gesi ikikosa njia ya nje hurudi kupitia bakuli.

Hapa ndipo watu hukosea, hata mafundi. Wanaona kuwa harufu inatokea kwenye kipaipu, basi wanakifanya chembamba zaidi, au wanakiziba kwa kitambaa. Dawa ni kinyume chake. Choo cha shimo cha nyumbani chenye bomba refu jeusi, kile kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, bomba lake kazi yake ni kuvuta harufu kwenda juu. Kipaipu cha tangi la boti kina kazi ya ziada: kuingiza hewa mpya ndani, ili bakteria wa ile namna ya kwanza wasife. Kwa hivyo kiwe kifupi, kinyooke, kiwe kipana. Ukitoka nusu inchi ukaenda inchi moja na nusu, tundu limekua mara tisa. Vikiwa viwili, kimoja kila ubavu, bora zaidi, maana upepo wa ziwa unaingilia huku na kutokea kule.

Jik nayo? Wengi huimimina kwa wingi wakidhani wanatibu. Inaua bakteria wote, wazuri kwa wabaya, na inakausha mipira ya pampu. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha boti ni kidogo kama kabati, huna pa kukimbilia. Bakuli lioshe kwa sabuni ya kawaida na maji.

Maji ya kusukumia yana hadithi yake, na ukisoma ushauri wa watu wa baharini soma kwa uangalifu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti, na hiyo ndiyo malighafi ambayo bakteria huigeuza kuwa haidrojeni salfaidi. Ndiyo maana boti ya Mombasa ikikaa wiki moja bila kutumiwa, mpigo wa kwanza wa pampu unakutoa machozi kabla hujaweka chochote ndani. Maji yetu ya ziwa hayana chumvi, salfeti yake ni kidogo mno, na hayagandishi ukoko mgumu ndani ya paipu kama ya bahari yanavyofanya yakichanganyika na mkojo. Lakini Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa ulio upande wetu, ina kina kifupi na imejaa mwani wa kijani, na mwani ukifia ndani ya paipu unanuka wenyewe. Kabla ya kuiacha boti siku nyingi, funga valvu ya kwenye ganda la boti, ile inayoingiza maji ya ziwa, chomoa paipu ya kuingiza maji, itumbukize kwenye ndoo ya maji safi, upige pampu hadi ndoo iishe. Hiyo valvu usiisahau, la sivyo maji yataingia botini, na harufu haitakuwa shida yako tena.

Paipu ya kutoa uchafu huwa ya inchi moja na nusu, na kila mita yake inashika kama lita 1.1. Kama kutoka bakulini hadi kwenye tangi ni mita tatu, basi mipigo miwili mitatu ya pampu inaacha uchafu umelala katikati ya njia. Hapo unaozea ndani ya paipu, na mpira wa paipu ukizeeka hupitisha harufu ingawa hauvuji hata tone. Kuupima ni rahisi: lowesha kitambaa safi kwa maji ya moto, kizungushie paipu hadi kipoe, kisha kinuse mbali na choo. Kitambaa kikinuka, paipu imekwisha, na hakuna cha kupaka kitakachoifufua.

Angalia pia ngama, pale chini maji yanapotuama. Mara nyingine choo kinasingiziwa bure, kumbe ni mafuta, maji ya kuogea na vichwa vya samaki.

Kichwa usikiingize kwenye tangi. Haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia mahali pa chini, na ikifika kama sehemu 100 kwa kila milioni ya hewa huiua pua yenyewe: unadhani harufu imeisha, kumbe ndipo hatari inapoongezeka. Fungua madirisha kwanza, na awepo mtu mlangoni. Tangi likijaa, ita egzosta, yaani lori la kunyonya uchafu, usilimwage ziwani. Kuna watu wanachota maji hayo kwa mtungi.

Kwa yule nahodha tulikuta kiota cha nyigu cha udongo, kimeziba kipaipu chote. Tukakikata kipaipu chenyewe na kufunga viwili vya inchi moja na nusu. Siku ya tatu uvundo ulipungua sana, ila haukuisha, na kitambaa cha maji ya moto kikatuonyesha paipu ya nyuma ya bakuli. Hiyo bado anaidundulizia.