Kifutu na Jamaa Zake: Wanaishi Wapi, na Wakiuma Tufanyeje?

Swali: Nitamtambuaje nyoka wa jamii ya kifutu?

Ana mwili mnene, mkia mfupi na kichwa kipana kinachojitenga waziwazi na shingo. Meno ndiyo hasa yanayompambanua: chonge mbili ndefu zinazolala kwenye kaakaa mdomo ukifungwa, na kusimama anapouma. Za kifutu wa Gaboni hufikia karibu sentimita 5, na hakuna nyoka mwingine anayemzidi.

Swali: Wanapatikana wapi?

Mabara karibu yote, isipokuwa Australia na Antaktika. Madagaska nako hawapo. Barani Afrika, kifutu wa kawaida hukaa mbugani na mashambani. Yule wa Gaboni hupenda misitu yenye unyevu, akijificha kwenye majani makavu. Kuna na wadogo wa mitini, wengi wao wa kijani, na huko Sahara yupo mwenye pembe juu ya macho anayejifukia mchangani. Asia ya Kusini wakulima wa mpunga wanamjua vizuri kifutu wa Russell. Hata baridi haiwazuii: mmoja wa Ulaya huishi hadi kaskazini mwa Skandinavia.

Bara la Amerika lina wale wenye vishimo kati ya jicho na pua, ambavyo huhisi joto la windo hata gizani. Nyoka mwenye njuga mkiani ni wa kundi hilo, na Asia nayo ina jamaa zake wengi.

Swali: Mbona huuma watu sana?

Kwa sababu hakimbii. Nyoka wengi wakisikia kishindo cha miguu hujiondokea. Huyu hutulia akitegemea rangi yake, mpaka anakanyagwa. Kwa hiyo viatu vinavyofunika kifundo na tochi usiku vina faida kuliko kukariri majina yote hapo juu.

Swali: Sumu yake inafanya nini?

Huharibu nyama na mishipa ya damu. Mguu huvimba, huuma vikali, hutoka malengelenge. Aina nyingi pia huvuruga kuganda kwa damu, ndipo mtu akaanza kuvuja kwenye fizi au kidondani. Kipimo kimoja hospitalini ni rahisi ajabu: damu kidogo huachwa kwenye chupa safi ya kioo kwa dakika 20, ionekane kama imeganda.

Swali: Akiuma, tufanye nini?

Msogeze majeruhi mbali na nyoka. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujazidi, tuliza kiungo kwa gango kisichezecheze, kisha mbebeni hospitali; asitembee ikiwezekana. Msichanje, msinyonye, msiweke barafu, na msifunge kamba ya kubana. Kwa sumu inayooza nyama, kamba inaweza kumgharimu mguu.

Swali: Tumpeleke na nyoka?

Hapana, wengi huumwa wakimfukuza. Picha ya mbali inatosha, au maelezo ya umbo na mahali alipoumiwa. Dawa ya kuzuia sumu hutengenezwa kwa ajili ya sumu ya nyoka maalumu, kwa hiyo inayofaa Asia huenda isisaidie Afrika.

Swali: Na kama hakuna uvimbe?

Aende vilevile. Wakati mwingine nyoka huuma bila kumwaga sumu, lakini hilo huamuliwa na daktari hospitalini baada ya kumwangalia mgonjwa kwa saa kadhaa.