Kutoa picha kwa saizi kadhaa kwa mkupuo mmoja: maana yake

Kwenye picha za kidijitali, kutoa picha ni kutengeneza nakala iliyokamilika kutoka kwenye picha ya asili, nakala ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua, kuituma au kuichapisha. Wapiga picha wengi husema "kueksipoti" na wanaelewana. Neno la kushika hapo ni nakala. Faili ghafi lililotoka kwenye kamera hubaki kama lilivyo. Programu kama Lightroom au darktable hailigusi, inaandika pembeni tu yale uliyoyafanya: umeongeza mwanga, umekata ukingo, umepunguza wekundu wa uso. Siku ya kutoa ndipo inayasoma maelekezo hayo, inaichora picha upya na kukupa faili jipya, kwa kawaida la JPEG.

Kutoa kwa saizi kadhaa basi ni kuagiza nakala zaidi ya moja za picha ileile kwa safari moja: kubwa ya kuchapisha, ya kati ya kutazama kwenye kompyuta, ndogo ya kurusha kwenye simu.

Umuhimu wake niliujua kwa bwana harusi mmoja. Alichukua picha niliyomtumia WhatsApp, akaipeleka kusafishwa kwa inchi 16 kwa 24 aitundike sebuleni. Aliponiita niione, sikujua niseme nini. Shela ya bibi harusi, ambayo kwenye faili langu ungeweza kuhesabu ushanga mmoja mmoja, ilikuwa kama imemwagiwa uji. Ile picha ilikuwa na pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyounda picha, 1600 upande mrefu. Zigawe kwa inchi 24, unapata kama 67 kwa kila inchi. Picha ya kushika mkononi hutaka 300 hivi, na ya ukutani inayotazamwa kwa mbali kidogo huridhika na 150 hadi 200. Faili la asili lilikuwa na 6000, yaani 250 kwa inchi, zinatosha na kubaki. Yeye hakukosea. Mimi nilimpa saizi moja tu, naye akaitumia kwa kila kitu.

Shida nyingine inatoka kwenye neno "saizi" lenyewe, maana linabeba mambo matatu. Kuna idadi ya pikseli: kamera ya megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24, hutoa 6000 kwa 4000. Kuna uzito wa faili, unaopimwa kwa megabaiti, ndio unaokula bando la mteja. Na kuna ukubwa wa karatasi, kwa inchi au sentimita. Pikseli na uzito havipandi pamoja sikuzote. Picha ya mtu aliyesimama mbele ya ukuta mweupe itakuwa nyepesi kuliko ya ukumbi uliojaa watu na vitenge, hata kama pikseli ni zilezile, kwa sababu JPEG hubana vizuri palipo patupu na hushindwa palipo na mambo mengi.

Hapa ndipo ile namba 300 inapowasumbua watu. Mteja anakuambia, "Nipe picha ya 300." Kama umetoa picha ya pikseli 1200 kwa 800, ukiandika 300 au 72 kwenye kisanduku cha rezolusheni, pikseli zinabaki 1200 kwa 800. Ile namba ni lebo tu inayoiambia mashine ya kuchapa itandaze pikseli hizo kwa upana gani. Kwa 300 itakuwa picha ya inchi 4 upande mrefu, basi. Kwa hiyo muulize mteja atachapisha kwa ukubwa gani, kisha uzidishe mwenyewe: inchi 4 kwa 6 ni pikseli 1200 kwa 1800, inchi 8 kwa 10 ni 2400 kwa 3000.

Hiyo ya 8 kwa 10 ina mtego wake. Umbo lake si lile la kamera. Picha ya 6000 kwa 4000 ikiingizwa humo inabaki 5000 kwa 4000, na zile 1000 zilizokatwa ni 500 kila upande, mahali hasa waliposimama mashangazi kwenye picha ya ukoo. Saizi kama hiyo isiachiwe mashine, ikatwe kwa jicho.

Zilizobaki zinaweza kwenda zenyewe kwa priseti, yaani mpangilio unaouhifadhi mara moja na kuutumia kila siku. Mimi ninazo tatu. Ya kuchapisha: pikseli zote, ubora wa JPEG 95 kati ya 100. Ya skrini: upande mrefu 2048, ubora 80. Ya simu: upana 1080, kwa kuwa Instagram hupunguza kilichozidi hapo, na ni afadhali upunguze wewe kuliko kupunguziwa. Zote natoa kwa rangi za sRGB, mpangilio wa rangi wa kawaida wa skrini, kwani rangi pana za Adobe RGB hupauka kwenye simu na programu zisizozisoma. Zile ndogo naziongezea ukali kidogo, sababu picha ikipunguzwa hulegea. Tangu toleo la 9 la Lightroom Classic, lililotoka Novemba 2019, unaweza kuweka tiki kwenye priseti zote tatu, ukabonyeza mara moja na kwenda kula.

Kompyuta ikiwa dhaifu, tambua kwamba kazi nzito ni kulichora lile faili ghafi, wala si kupunguza. Toa nakala kubwa tu kwanza, halafu hizo ndogo zitengenezwe kutoka kwenye hiyo kubwa. Programu ya bure ya ImageMagick inafanya folda nzima kwa mstari mmoja unaouandika kwenye dirisha la amri la kompyuta:

magick mogrify -path kati -resize "2048x2048>" -quality 85 *.jpg

Alama ile ya > inazuia picha ndogo isikuzwe. Neno -path linapeleka nakala kwenye folda ya "kati", ambayo uwe umeshaitengeneza. Ukilisahau, amri hii inaandika juu ya picha zako kubwa na huzipati tena. Ijaribu kwanza kwenye folda yenye picha mbili.

Kurudi nyuma, kutoka ndogo kwenda kubwa, hakupo. Programu itakuongezea pikseli za kubuni, lakini ushanga uliopotea umepotea.

Kwenye majina, nakala zote tatu zibebe namba ileile ya asili, kwenye folda tatu tofauti: KUCHAPISHA, SKRINI, SIMU. Mteja akichagua kwenye simu akakuandikia "naomba ile 0417 kubwa", unaifungua folda ya kwanza na kuikuta 0417 imekaa, iko tayari.