Je, wajua? Mapovu kwenye rejeta ya lori si lazima yatoke kwenye gasketi ya hedi

Lori kuukuu likipanda kuelekea Kabale, Uganda, na shehena ya saruji likaanza kuchemsha, hukumu hutoka hapohapo kando ya barabara: gasketi imeungua. Injini ikishapoa tanboi anafungua rejeta, dereva anawasha, mapovu yanapanda, na kila mtu anatikisa kichwa. Kumbe mapovu hayo yana njia zaidi ya moja ya kuingia.

Gasketi ya hedi imebanwa kati ya bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (kifuniko chake cha juu), ikitenganisha moto, maji na oili. Dizeli ikiwaka ndani ya silinda, shinikizo linaweza kupita baa 80, ilhali mfuniko wa rejeta huzuia kama baa 1 tu. Upenyo mdogo ukipatikana, gesi inajisukuma majini, maji yanamwagika kupitia mkebe wa akiba, na hewa inakaa palipotakiwa maji. Ndiyo maana lori hilohilo likiwa tupu, shinikizo likiwa dogo, hutembea bila shida.

Mwinuko nao hausaidii. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na shinikizo huchemka huko yakifika nyuzi 93 hivi. Kwa hiyo anza na mfuniko. Mpira wake ukichoka, unakuchemshia maji bila kosa la gasketi yoyote, na bei yake ni ndogo.

Halafu kuna kompresa ya upepo wa breki, ambayo mafundi wengi huisahau. Katika malori mengi hupozwa na maji yaleyale ya injini, nayo ina kihedi na gasketi yake ndogo. Gasketi hiyo ikipasuka, upepo unaingia majini na mapovu huwezi kuyatofautisha kwa macho. Hedi inafunguliwa, pesa zinalipwa, mapovu yanaendelea.

Gereji yenye vifaa ina kipimo cha dawa ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na kaboni dioksidi ya moshi. Upepo wa kompresa hauibadilishi. Kwa dizeli, kanyaga mafuta kidogo wakati wa kupima, maana injini ikinguruma polepole moshi wake una gesi hiyo kidogo mno. Dawa ikikosekana, chomoa mipira miwili ya maji ya kompresa, iunganishe yenyewe kwa yenyewe ili maji yapite pembeni, kisha washa kwa dakika chache tu. Mapovu yakikoma, mchawi ni kompresa.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, usikimbilie hedi pia. Kipoza oili kikitoboka huchanganya oili na maji vilevile. Na wale wanaong'oa thamostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta yakishapata moto) ili injini "ipoe", waache: katika baadhi ya injini maji huanza kuzunguka bila kupita kwenye rejeta, joto likazidi.

Ikithibitika kwamba ni gasketi kweli, hedi iwekewe rula ya chuma kuona kama imepinda, na silivu (mikebe ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zipimwe kabla ya kufunga. Kwenye injini za silivu za maji, yaani zinazoguswa moja kwa moja na maji ya kupoza, kila silivu hutakiwa kuchomoza kidogo sana juu ya bloku. Iliyozama haibani, na gasketi mpya itaungua palepale.