Dai la Medicaid kwenye mirathi ni nini?

Medicaid ni mpango wa serikali ya Marekani na majimbo yake wa kuwalipia matibabu watu wa kipato kidogo. Katika jimbo la Minnesota, waliko Wakenya wengi, huitwa Medical Assistance. Familia nyingi huuona kama msaada usiorudishwa. Kwa mzee si hivyo. Sheria ya shirikisho ya 1993 inalitaka kila jimbo lidai, mtu akishafariki, gharama za kutunzwa kwake tangu alipotimiza miaka 55: nyumba ya kutunzia wazee, mhudumu wa nyumbani, pamoja na hospitali na dawa zilizoambatana na huduma hizo. Baadhi ya majimbo hudai zaidi. (Medicare, ile ya wenye miaka 65, haina dai la namna hii. Watu huzichanganya sana.)

Anayedaiwa ni mirathi, si mtoto wa marehemu. Tuseme nyumba imeuzwa dola 150,000. Mkopo wa nyumba uliobaki ni 30,000, mazishi 9,000, wakili na mahakama 6,000. Kwa kawaida hayo hutangulia. Zinabaki 105,000. Jimbo likidai 140,000, litazichukua zote, na zile 35,000 zilizopelea hazimfuati mrithi mfukoni.

Jimbo haliruhusiwi kudai ikiwa mjane au mgane wa marehemu bado yu hai, wala marehemu akiwa ameacha mtoto wa chini ya miaka 21, au mtoto wa umri wowote aliye kipofu au mlemavu. Wengine wanaweza kuomba msamaha kwa sababu ya dhiki, kwa mfano shamba likiwa ndiyo riziki yao pekee.

Kosa linaloumiza ni msimamizi wa mirathi kugawa fedha kabla dai halijaisha: hapo deni linaweza kumgeukia yeye mwenyewe. Azuie kwanza, kisha aombe kwa maandishi mchanganuo wa huduma na tarehe zake. Aukague mstari kwa mstari: malipo ya kabla ya miaka 55, huduma iliyoandikwa mara mbili, siku ambazo mzee hakuwepo. Akikuta kiasi kilekile kila mwezi, hata miezi ambayo mzee hakumwona daktari, huenda ni ada ambayo jimbo liliilipa kampuni ya bima ili igharimie matibabu yake. Mara nyingi nayo hudaiwa, kwa hiyo kulalamikia hiyo peke yake hakumfikishi mbali. Pingamizi nalo liwe la maandishi, ndani ya siku zilizotajwa kwenye barua, simu haihesabiki.