Walimu na wanamazingira wa kujitolea wafunzwe pamoja

Taasisi nyingi zinazotoa elimu ya mazingira huwaita walimu kivyao na wanamazingira wa kujitolea kivyao. Walimu hupewa semina wakati wa likizo, wanaojitolea hufunzwa wikendi kutambua ndege na miti. Sisi tunaoandaa mafunzo haya tunapaswa kuacha utaratibu huo. Mwalimu ana watoto, ana ratiba, anajua kuuliza swali likaeleweka. Anayejitolea ana muda na jicho lililozoea. Tena mwalimu akihamishwa, klabu ya mazingira aliyokuwa akiilea mara nyingi hufa. Akiwepo mwenzake anayekaa jirani, hubaki na wa kuishika.

Chukueni kijito kilicho karibu na shule. Vifaa ni wavu mdogo, beseni jeupe na kioo cha kukuzia. Mmoja anatega wavu maji yanakoelekea, mwingine anageuza mawe mbele yake na kuyasugua kwa mkono. Kilichonaswa kinamwagwa kwenye beseni lenye maji kidogo, kisha watu wanasubiri tope litulie. Ndipo vitu vinaanza kusogea. Kuna tunutu wa kereng'ende, ambaye mdomo wake wa chini hufyatuka mbele kukamata windo. Kuna vifuko vya mchanga na vijiti vinavyotembea, kumbe ndani yake mna buu. Kuna wadudu bapa wenye nyuzi mbili au tatu mkiani. Hawa wengi wao hawastahimili maji yaliyopungukiwa oksijeni. Mabuu mekundu ya vijidudu wanaofanana na mbu huyastahimili, kwani wekundu wao ni himoglobini, inayowasaidia kuishika oksijeni hata ikiwa kidogo. Afrika Kusini wamejenga juu ya maarifa haya mbinu iitwayo miniSASS, ambayo humwezesha hata mwanafunzi kukadiria afya ya mto bila maabara.

Hapo kwenye beseni ndipo wawili hawa wanapohitajiana. Mwanamazingira huwa na haraka ya kutaja jina la mdudu, na jina likishatajwa watoto huacha kutazama. Mwalimu aliyezoea darasa atamzuia kidogo, awaulize watoto: mbona kule juu tumepata aina nyingi, na hapa chini ya daraja wamebaki wekundu watupu? Majibu yao, hata yaliyo kombo, ndiyo somo lenyewe.

Usalama hauna mjadala. Mawe yarudishwe yalivyokuwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na mvua ikinyesha milimani watu watoke mtoni. Penye kichocho watoto wasiingie majini kabisa. Wafanye kazi hiyo hiyo chini ya mti, kwenye majani yaliyooza.

Kila kilichoonekana kiandikwe: nini, wapi, lini, na nani aliyekiona. Siku ambayo hakikuonekana kitu nayo iandikwe. Wenye simu wanaweza kutumia iNaturalist, jukwaa la mtandaoni la kurekodi viumbe, ambako picha au sauti yenye tarehe na mahali hufikia daraja la utafiti pale zaidi ya theluthi mbili ya wanaoitambua wanapokubaliana juu ya spishi. Sura na majina ya watoto visiwekwe huko, na mahali hasa pa kiumbe aliye hatarini pafichwe.

La mwisho ni cheti, na hapa nina msimamo mkali. Katika programu ya wanamazingira ya Texas, Marekani, iliyoanza miaka ya 1990, mafunzo ya saa 40 peke yake hayatoshi. Mshiriki hujitolea saa nyingine 40 na kuongeza 8 za kujiendeleza ndipo atambuliwe. Nasi tusigawe vyeti siku ya kufunga semina. Kila mwalimu na mwenzake wapewe mahali pamoja pa kufuatilia, kiangazi na masika, na cheti wakichukue wakileta daftari la mwaka mzima.